HESABU YA SHULE IFIKE TONGONI

Wasomaji wetu wa Tanga waijua vema Tongoni. Mtu akitoka mjini kwa njia ya Pangani, kabla hajamaliza kilomita 20 hufika kwenye kijiji hicho cha wavuvi na wenye minazi. Karibu yake yapo magofu ya msikiti wa kale na makaburi yenye nguzo, kazi ya wazee wetu wa zaidi ya miaka mia tano iliyopita. Jina lenyewe latukumbusha matongo, yaani mahame.

Mji ule ulikuwa na watu na biashara, na bila shaka ulikuwa na hesabu zake, lakini daftari zake hazikutufikia. Twajua kwamba Wareno wa Vasco da Gama walipita pwani hiyo mwaka 1498, na kwamba mwaka 1499, katika safari ya kurudi kwao, waliichoma moto merikebu yao moja katika maji ya jirani kwa kuwa mabaharia walikuwa wamepungua. Hayo twayajua kwa sababu Wareno waliandika. Mwenye nyumba hakubakiwa na daftari. Mgeni aliyepita siku chache ndiye tunayemsoma mpaka leo.

Tumeanza na magofu kwa sababu neno letu la juma hili ni la namna hiyo hiyo. Ni habari ya fedha za shule zetu za umma: nani anazihesabu, hesabu hiyo yawekwa wapi, na nani huisoma. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hakuna mali ya taifa iliyo kubwa kuliko shule, wala hakuna ambayo daftari lake limetawanyika zaidi.

Kuhesabiwa si jambo geni kwetu. Wadachi walipoleta kodi ya nyumba mwaka 1898, walizihesabu nyumba zetu kibanda kwa kibanda. Hapo Tanga mjini walijenga shule ya Serikali katika miaka ya 1890, na baadhi ya vijana waliofundishwa humo wakawa makarani wa kuandika hesabu hizo. Hesabu ilikuwa kamili kwa sababu ilikuwa hesabu ya kuchukua. Mwingereza naye alipokuja aliandika fedha za elimu katika mafungu ya rangi: Wazungu fungu lao, Waasia fungu lao, na Waafrika, waliokuwa wengi kupita wote, fungu lao. Lakini kwa kuwa Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini, alilazimika kupeleka taarifa kila mwaka kwenye Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Mwalimu Nyerere aliposimama mbele ya Baraza hilo mjini New York mwezi Machi 1955, wakubwa waliokuwa wakimsikiliza walikuwa na taarifa za mkoloni mwenyewe mezani. Tarakimu zilizoandikwa kwa ajili ya kututawala zikawa ushahidi wa kudai haki yetu.

Tulipojitawala tuliendelea kuhesabu, na safari hii kwa ajili yetu. Katika Elimu ya Kujitegemea, mwezi Machi 1967, Mwalimu aliwaambia wananchi waziwazi kwamba wakati wa Uhuru watoto wa shule za msingi Tanganyika walikuwa 490,000, wengi wao wakiishia darasa la nne, na kwamba sasa walikuwa wamefika 825,000. Mwananchi aliyeyasoma hayo alijua tulikotoka na tulipofika, akaweza kuuliza tunakokwenda. Hiyo ndiyo kazi ya tarakimu katika nchi huru.

Basi hali ya leo ni ipi? Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada na michango ya lazima mpaka Kidato cha Nne. Kuanzia Januari 2016 fedha zikaanza kupelekwa moja kwa moja katika akaunti za shule, na mwaka 2022 Serikali ikaondoa ada ya Kidato cha Tano na cha Sita. Hilo ni jambo kubwa, na twalisifu. Fungu lililotajwa kwa mtoto wa shule ya msingi ni Shs. 10,000 kwa mwaka: Shs. 6,000 ziende shuleni, na Shs. 4,000 zibaki juu kwa ajili ya vitabu. Kwa mwanafunzi wa sekondari ni Shs. 25,000, nusu ya shule na nusu ya vitabu.

Na tufanye hesabu pamoja. Tuseme kijiji kama Tongoni kina shule ya watoto 400. Mara Shs. 6,000, ni Shs. 2,400,000 kwa mwaka, yaani Shs. 200,000 kila mwezi. Ndizo za chaki, karatasi za mitihani, kitasa kilichovunjika, mpira na safari ya mwalimu kwenda mjini kwa kazi ya shule. Tena kiwango hicho cha Shs. 10,000 si cha jana. Kilitoka katika Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ule MMEM ulioanza mwaka 2002, nacho kilikadiriwa kuwa sawa na dola 10 za Kimarekani. Mwaka 2022, miaka 20 baadaye, Shs. 10,000 zilikuwa hazifiki hata dola 5. Kila mama anayenunua unga ajua shilingi ya mwaka 2002 ilinunua nini. Lakini ni wazazi wangapi wanaojua kwamba fungu la mtoto wao lilibaki palepale muda wote huo? Wangelijua, wangelisema.

Hilo ni fungu dogo. Fungu kubwa ni mishahara ya walimu, nalo halionekani kabisa shule kwa shule. Tuseme, kwa mfano tu, mshahara ni Shs. 800,000 kwa mwezi. Shule yenye walimu 12 yapata Shs. 9,600,000 kila mwezi. Shule yenye walimu 6, na watoto ni wale wale 400, yapata Shs. 4,800,000. Tofauti ya mwaka mmoja ni Shs. 57,600,000, nayo yapita fungu la chaki na karatasi mara 24. Watu wanaweza kugombana mwaka mzima juu ya Shs. 200,000 za mwezi, na huku upungufu mkubwa umekaa mahali ambapo hakuna aliyetazama. Mwalimu asiyekuwepo haandikwi katika hesabu ya mapato, lakini mtoto amekosa fedha kama vile zimeibwa njiani.

Tongoni ina shida nyingine ambayo wenzetu wa bara hawataiona upesi. Tanga ilifanywa Jiji mwaka 2005, na kata ya Tongoni imo ndani ya mipaka ya Jiji. Basi kitabu cha takwimu kinapoandika hesabu ya Halmashauri ya Jiji la Tanga, mtoto wa mvuvi wa Tongoni huchanganywa na mtoto wa mjini anayeishi penye lami na umeme na walimu wengi. Wastani huo wawapendeza wakubwa, lakini hauwezi kusema lolote juu ya kijiji. Mtu wa mjini akila kuku wawili na wa shamba akakosa, wastani husema kila mmoja amekula kuku.

Hatusemi kwamba Serikali haina takwimu. Inazo. Wanafunzi, walimu, madarasa na madawati huhesabiwa kila mwaka. Tangu mwaka 2017 upo pia mfumo wa kompyuta, uitwao FFARS, ambao kwa huo shule na zahanati huandika fedha zilizoingia na zilizotoka. Shida ni kwamba kila ofisi imeshika kipande chake. Hazina yajua ilichotoa. TAMISEMI yajua ilichogawa. Halmashauri ina orodha ya walimu. Vitabu vyachapwa na Taasisi ya Elimu na kuletwa kwa gari, bila mzazi kujua vimegharimu kiasi gani. Wizara ya Elimu ina wathibiti ubora wake. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hutoa taarifa kila mwaka, lakini hakagui kila shule. Ng'ambo ya pili Zanzibar, iliyotangaza elimu bila malipo tarehe 23 Septemba 1964, ina wizara yake na hesabu zake. Mtu akitaka kujua Taifa hili linatumia shilingi ngapi kwa mtoto mmoja katika shule moja, itambidi azunguke ofisi hizi zote, na mwisho arudi na makadirio.

Tena lipo fungu ambalo halimo katika daftari la ofisi yoyote: la wananchi wenyewe. Ada imefutwa, lakini watu bado wachangia uji wa watoto, mlinzi na mitihani ya majaribio. Wabeba mawe na mchanga, wachimba msingi, wajenga boma na kungoja bati za Serikali. Kazi hiyo yote ni fedha. Katika kijiji maskini yaweza kuipita ruzuku yenyewe. Isipoandikwa, mwananchi huonekana ni mpokeaji tu, hali yeye ni mmoja wa walipaji wakubwa. Twawaomba wenye kupanga bajeti walitie akilini jambo hili.

Daftari likikosekana, wa kwanza kuumia ni mwalimu mkuu. Mzazi amesikia redioni kwamba fedha zimepelekwa. Anafika shuleni, aona mwanawe ameketi chini, aambiwa alete Shs. 2,000 za karatasi. Moyoni amekwisha kata hukumu: mwalimu amezila. Pengine zililiwa kweli. Pengine zilifika nusu, au zilichelewa miezi miwili, au zilihesabiwa kwa watoto 320 wa mwaka juzi, na sasa wapo 400. Mwalimu hana karatasi ya kumwonyesha, wala mzazi hana karatasi ya kumwuliza. Hapo mkutano wa shule huvunjika kwa maneno makali, michango husimama, na anayelipa gharama ni mtoto, ambaye hakusema neno.

Wenzetu wa Uganda walipitia hayo. Uchunguzi wa miaka ya 1991 hadi 1995 ulionyesha kwamba katika kila Shs. 100 za ruzuku ambazo Serikali kuu ilitoa kwa shule za msingi, zilizofika shuleni zilikuwa kama 13 tu, na shule nyingi hazikupata hata senti. Nyingine zilibaki wilayani. Makosa hayo hayakuonekana katika vitabu vya Kampala, kwa maana huko fedha zilikuwa zimekwisha andikwa kuwa zimetoka. Yalionekana pale watu walipokwenda shule kwa shule wakauliza, "Ninyi mlipata ngapi?" Ndipo Serikali ilipoanza kutangaza magazetini fedha zilizopelekwa kila wilaya, na kuagiza kila shule ibandike tangazo la ilichopata. Kufika mwaka 2001, fedha zilizofika zilikuwa kama 80 katika kila 100. Si magazeti peke yake yaliyofanya hivyo, maana taratibu za kutuma fedha nazo zilirekebishwa. Lakini hakuna anayeweza kutuambia kwamba karatasi ubaoni ni kitu kidogo.

Sisi wenyewe tumeonja dawa hiyo. Mwaka 2021, katika fedha za mkopo wa kupambana na UVIKO-19, yalijengwa madarasa 15,000 nchi nzima. Kila mtu alijua kiwango: darasa moja Shs. milioni 20. Kwa kuwa bei ilitajwa waziwazi, mtu wa kijijini aliweza kusimama mbele ya jengo, akatazama sakafu na madirisha, akauliza kama hizo ni Shs. milioni 20 au sizo. Mwananchi hahitaji kuwa mhasibu. Ahitaji tarakimu moja iliyo kweli.

Twasikia wasemao kwamba walimu wamechoka na fomu. Ni kweli, na twawaunga mkono. Mwalimu asiandike jambo moja mara nne kwa ofisi nne. Aandike mara moja, ofisi zisomee hapo. Wengine wasema kwamba hesabu huleta hila. Hilo nalo ni kweli. Mwaka 2016, fedha zilipoanza kufuata vichwa vya watoto, Serikali iliamuru wanafunzi wahesabiwe upya, wakagundulika wanafunzi hewa kwa maelfu. Lakini dawa ya hesabu ya uongo ni hesabu inayosomwa mbele ya watu wanaowajua watoto kwa majina. Karani wa Dodoma hawezi kujua kama mtoto fulani wa Tongoni yupo au hayupo. Jirani yake ajua.

Wapo pia wasemao kwamba fedha si elimu, na wanao ushahidi. Mwaka 2013 na 2014 ulifanyika utafiti katika shule 350 za msingi hapa nchini. Baadhi ya shule zilipewa Shs. 10,000 kwa kila mtoto, moja kwa moja na bila kukatwa. Matumizi ya shule yaliongezeka, lakini kwa fedha peke yake watoto hawakujua kusoma na kuhesabu zaidi ya wenzao. Matokeo yalipanda pale fedha zilipokwenda pamoja na motisha kwa walimu. Hiyo si hoja ya kuacha kuhesabu. Ni hoja ya kuhesabu vema zaidi, ili fedha, mwalimu na maarifa ya mtoto viandikwe katika ukurasa mmoja na ionekane ni wapi panapokatika.

Lakini tazameni: utafiti huo, na ule wa Uganda, na nyingi za takwimu tunazosomewa katika mikutano, zilikusanywa kwa fedha na wataalamu wa mashirika ya nje wakishirikiana na wetu. Hatuwalaumu, wamefanya kazi njema. Twajiuliza tu, mpaka lini hesabu ya nyumba yetu itasomwa na mgeni, kama ile ya Wareno? Hata nchi tajiri zilichelewa. Marekani haikuwa na sheria ya kuitaka kila shule ya umma itangaziwe matumizi yake kwa mtoto mmoja mpaka mwaka 2015. Basi hatuko nyuma mno, na hatuna sababu ya kungoja.

Twaiomba Serikali mambo manne. Kwanza, kila shule ya umma iwe na ukurasa wake mmoja kila mwaka, wenye idadi ya watoto, fedha zilizoingia na tarehe zake, mishahara ya walimu wake kwa jumla, thamani ya vitabu, na michango ya wananchi pamoja na nguvu zao. Pili, kurasa hizo ziunganishwe kuwa kitabu kimoja cha Taifa, kisichoishia kwenye wastani wa halmashauri. Tatu, ukurasa wa kila shule urudi kijijini kwa Kiswahili, ubandikwe shuleni na kusomwa mbele ya mkutano wa kijiji au wa mtaa. Nne, mwananchi anayehesabu asitiwe hofu. Marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya mwaka 2018 yaliwatisha wengi kutaja tarakimu yoyote. Mwaka 2019 yalilegezwa, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 ipo. Maofisa wa chini waelezwe jambo hilo, maana wengine bado humwona mwulizaji kama adui.

Kwenu, ndugu wanachama, twasema hivi. Msingoje kitabu kifike. Kila tawi lichague watu wawili wenye kusoma na wenye heshima. Waende kwa mwalimu mkuu na Kamati ya Shule, kwa adabu, bila makelele na bila siasa za kutafutana ubaya, wakaulize mambo matatu: watoto ni wangapi, zimeingia shilingi ngapi na lini, zimetumika kwa nini. Jibu liandikwe, lisomwe mkutanoni, nakala ibaki tawini. Mwaka ujao waende tena. Tawi lenye karatasi za miaka mitatu litazungumza na diwani na mbunge kwa lugha nyingine kabisa. Na mwalimu aliye safi atapata mashahidi, badala ya kuachwa peke yake mbele ya uvumi.

Wala hatuwafundishi watu wa pwani jambo wasilolijua. Samaki wakishuka, mnada hufanywa hadharani. Bei husikiwa na wote, na kila mtu ajua sehemu ya chombo, sehemu ya nahodha na sehemu ya mabaharia. Msiba ukitokea, watu huchanga, na siku ya kuondoa tanga daftari husomwa mbele ya waombolezaji: zilizopatikana ni hizi, zilizotumika ni hizi, zilizobaki ni za wafiwa. Hakuna anayeona aibu, wala hakuna anayesema kwamba msomaji amemtuhumu mwenzake. Ikiwa twaweza kusomeana hesabu ya sanda na ubani, twashindwaje kusomeana hesabu ya chaki?